Matengenezo Kinga: Kazi Inayotangulia Ubovu

Katika mazungumzo ya kila siku ya Maili Moja, Kibaha, au ya mjini Kisarawe, kinachotengenezwa ni kilichokwisha kuharibika. Mtu akisema fundi amekuja kutengeneza kiyoyozi, jirani anaelewa moja kwa moja kwamba kinavuja maji, kinapuliza hewa ya moto au kimekataa kuwaka. Kwa hiyo istilahi “matengenezo kinga”, inayotumika hospitalini na katika ofisi za umma, inaweza kumshangaza mwenye nyumba. Kizima kitatengenezwaje?

Jibu limo katika kitenzi chenyewe. Kutengenea ni kukaa sawa, kuwa katika hali nzuri. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee. Ubovu si sehemu ya maana hiyo ya asili, umeingizwa na mazoea. Neno “kinga” linaongeza suala la wakati: kazi itangulie hitilafu. Watu wa barabara wamepanga lugha yao vizuri zaidi, kwani bajeti zao hutofautisha matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi. Majumbani neno ni moja tu, “sevisi”, nalo hubebeshwa kila kitu, tangu kupuliza vumbi hadi kubadilisha kompresa. Mteja analipia sevisi bila kujua alichofanyiwa.

  

Kwa viyoyozi vya Mkoa wa Pwani, kinga hiyo ni kwanza kupambana na vumbi. Viyoyozi vya Msasani, jirani na bahari, huliwa na chumvi. Lakini Kibaha, mji unaopanuka kandokando ya Barabara ya Morogoro, na Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu, zina mitaa mingi ya udongo ambako kila gari likipita huacha wingu. Vumbi hilo huishia kwenye chujio, ambalo mafundi huliita filta. Chujio likiziba, hewa inayopita kwenye koili ya ndani hupungua, koili hupoa kupita kiasi, unyevu huganda juu yake, na barafu hiyo huziba hata ile nafasi iliyobaki. Chumba kinabaki na joto, kompresa inaendelea kula umeme, na barafu ikiyeyuka maji hutiririka ukutani. Madhara yote hayo huzuiwa na chujio linalotolewa, kuoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini kila baada ya wiki chache. Kazi hiyo haihitaji fundi.

Fundi ni wa kusafisha koili zote mbili, ya ndani na ya nje, kuzibua bomba la maji, kukaza nyaya, kupima kapasita na kukagua mgandamizo wa gesi. Hapo kwenye gesi ndipo wengi hupoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu. Kumwongezea mteja gesi kila mwaka bila kutafuta inapovujia hakustahili kuitwa kinga hata kidogo.

Tundu hilo si hasara ya nyumba moja pekee. Mashine za zamani hutumia R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 inaiondoa sokoni hatua kwa hatua. R410A na R32 haziligusi tabaka hilo, lakini huongeza joto la dunia, na ndizo zilizolengwa na marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016. Tena R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi husoma kwanza kibandiko cha mashine kabla ya kufungua mtungi.

Kwa kalenda ya Pwani, ukaguzi wa fundi unafaa kufanywa Oktoba au Novemba, kabla joto la Desemba hadi Machi halijafika na wakati mafundi bado wana nafasi.