Basketi au soka? Skrini ni moja

Jumamosi iliyopita tulikaribia kugombana. Skrini ni moja, umeme wa sola unatosha mechi moja, na saa ile ile kulikuwa na mechi mbili: moja ya soka, moja ya basketi. Watu wa soka wakapiga kelele kwamba basketi ni kuhesabu pointi mpaka uchoke. Watu wa basketi wakajibu, nyinyi mnakaa dakika 90 mnaangalia watu wanakimbia, halafu inaisha 0-0. Wenye sauti kubwa wakashinda, na dada zetu wa timu ya kikapu wakatoka nje bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliniuma, na ndiyo maana naandika. Swali la mchezo upi unasisimua zaidi kutazama lina historia yake, na ile historia inaweza kutusaidia kupanga hata skrini yetu.

Tuanze na basketi. Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, Marekani, mwalimu James Naismith alipewa darasa la vijana waliochoka na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya kubebea matunda, akaandika sheria 13, akagawa wanafunzi 18, tisa kila upande. Mpira waliochezea ulikuwa wa nini? Wa soka! Vikapu vilikuwa bado na kitako, kwa hiyo mpira ukiingia lazima mtu apande kuutoa. Mechi ile iliisha 1-0. Basi ndugu zangu wa basketi mnaocheka matokeo ya 1-0, ndiko mlikotoka.

Na kuna wakati basketi ilichosha kweli. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons ilikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, waliokuwa na jitu lao George Mikan. Pistons waliona wakicheza wazi watapigwa. Wakaamua kushika mpira tu, wanapasiana, hawarushi. Watazamaji wakazomea, lakini hakuna sheria iliyokataza. Mechi nzima iliisha 19-18, Pistons wakashinda. Nani angelipa kiingilio kuona vile tena?

Dawa ilipatikana mwaka 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, alipiga hesabu rahisi. Mechi ya dakika 48 ni sekunde 2,880. Mechi nzuri, aliona, zina mirusho kama 120 kwa timu zote mbili. Gawanya: unapata 24. Tangu hapo timu ikishika mpira lazima irushe ndani ya sekunde 24, la sivyo unakwenda kwa wapinzani. Msimu mmoja tu, wastani wa pointi za kila timu ukapanda kutoka 79 hadi 93. Kumbe ule mwendo tunaousifu leo haukuzaliwa na mchezo. Uliletwa na saa.

Soka nayo isijione. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia lilikuwa na magoli 115 katika mechi 52, kama mawili tu kwa mechi. Timu ikipata goli moja ilikuwa inamrudishia kipa mpira, kipa anadaka kwa mikono, anadundadunda, anampa beki, beki anamrudishia tena. Fainali yenyewe Ujerumani Magharibi iliifunga Argentina 1-0 kwa penalti ya dakika za mwisho. Wakuu wa soka wakaona aibu. Mwaka 1992 wakamkataza kipa kudaka mpira anaorudishiwa na mwenzake kwa mguu, na kwenye Kombe la Dunia la 1994 ushindi ukapewa pointi 3 badala ya 2, ili sare isiwe tamu. Kombe lile, mechi 52 tena, yakaingia magoli 141.

Kwa hiyo kila mchezo umewahi kuchosha, na kila mmoja ulitengenezwa upya ili watu wasilale. Lakini sheria peke yake haitoshi. Kuna kitu kingine, na hiki sisi tunakijua kuliko wengi: mechi inasisimua ukijua anayecheza anaogopa kupoteza nini.

Chukua Zaire ya 1974. Wazee wetu wanaikumbuka. Mwaka ule Leopards walibeba Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba akafunga magoli 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo haijavunjwa. Wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wakafungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia. Mechi ya mwisho ilikuwa na Brazil. Wabrazili wamepata faulo, wamepanga mpira, mara beki Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali. Dunia nzima ikacheka: Waafrika hawajui hata sheria! Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha: mkifungwa 4 na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani. Iliisha 3-0. Rudia kuitazama ile video ukijua hivyo, uone kama utacheka. Na Ndaye Mulamba yule wa magoli 9? Uzeeni alikuwa mkimbizi Afrika Kusini, na huko huko akafariki mwaka 2019.

Sasa njoo kwenye basketi, London, Julai 2024. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, inacheza mechi ya kirafiki na Marekani. Kiongozi wa basketi ya nchi hiyo ni Luol Deng, ambaye mwenyewe alikimbia vita utotoni, akapita Misri, akalelewa Uingereza, akafika NBA. Kikosi chake kilijaa vijana waliokulia ukimbizini. Walifika kuongoza kwa pointi 16! Marekani ikarudi polepole, na zikiwa zimebaki sekunde 8 LeBron James akafunga: 101-100. Hapo hata shabiki sugu wa soka kama mimi alisimama. Wiki moja hivi baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, Sudan Kusini wakaifunga Puerto Rico 90-79.

Basi jibu langu ni hili. Kwangu mimi soka bado inasisimua zaidi, kwa sababu goli ni adimu, na aliye dhaifu akipata moja anaweza kulilinda. Ndivyo TP Mazembe ya Lubumbashi ilivyoitoa Pachuca ya Mexico 1-0 mwaka 2010, ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0, ikafika fainali ya klabu za dunia. Katika basketi nafasi ni nyingi, kwa hiyo mwenye nguvu kwa kawaida anajitokeza mwishoni. Lakini zikikaribiana, hakuna dakika za soka zinazofikia zile za mwisho za kikapu, maana saa inamlazimisha kila mtu kujaribu.

Pendekezo langu kwa kamati, mechi zikigongana tena: skrini iwe ya soka, kwa sababu goli linaweza kuingia dakika ya 3 au ya 90 na huwezi kupanga. Mtu mmoja afuatilie pointi za basketi kwenye simu. Robo ya nne ikianza na tofauti haizidi pointi 10, tuhamishe chaneli mpaka iishe, hata kama soka ni 0-0. Najua wenzangu watanikasirikia, tunaweza kukosa goli. Sawa, tukose. Jumamosi iliyopita wenzetu walikosa mechi nzima, na viti vyao vilibaki wazi mbele yetu.