Kahawa Iliyobaki Ndani ya Diski

Wasee wengi wa rika langu waliijua Grove Street kabla hawajaijua Kenyatta Avenue vizuri. GTA: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na baada ya muda ikawa imeingia kila kibanda cha gemu mtaani. Soka ililipiwa kwa mechi, San Andreas kwa dakika, na kama huna doo ulisimama nyuma ya mwenye padi ukimwelekeza kama kondakta. Chiti zilinakiliwa nyuma ya daftari la hesabu: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha mishale yote mara ya pili. Unapata afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000.

Na hadithi ziliandamana na zile chiti. Kila mtaa ulikuwa na mtoto ambaye binamu yake ati alimwona Bigfoot, lile jitu lenye manyoya, kwenye msitu karibu na Mlima Chiliad. Tulipoteza dakika nyingi za kulipia tukimtafuta. Rockstar, walioitengeneza gemu, walisema hayumo, na watu waliofungua mafaili yake hawakumpata. (Mwaka 2013 walimtia kwenye GTA V, kama utani kwa waliomtafuta miaka yote hiyo.) Lakini diski ilikuwa na kitu kingine, na hicho hakuna mtoto wa kibandani aliyekisimulia.

Unamkumbuka Denise? Yule demu wa CJ wa kule Los Santos. Unampeleka kula, kucheza dansi au kuzunguka na gari, na uhusiano ukishapanda anakukaribisha ndani unywe kahawa. CJ anaingia, kamera inabaki nje. Unasikia sauti, halafu CJ anatoka. Basi. Sisi tulicheka, tukaendelea na misheni.

Kumbe mwanzoni kamera ilikusudiwa kuingia ndani. Watengenezaji walikuwa wameunda mchezo mdogo wa kitandani ambao mchezaji angeuendesha kwa padi, kisha wakaona hautapita kwa wanaoweka alama za umri. Hapa ndipo inabidi uelewe gemu hujengwa vipi. Mwendo wa miili, sauti, picha na maagizo ya kompyuta vyote vimeshikana. Ukichomoa kipande wakati siku ya kutoka imekaribia, huenda gemu ikakwama mahali pengine kabisa, na hakuna muda wa kupima kila kitu upya. Kwa hivyo mara nyingi kilichokatwa hakifutwi. Kinafungiwa tu, kama landilodi anayeziba mlango wa chumba kwa mbao badala ya kukibomoa. Mpangaji hakioni, lakini chumba kiko. Ndiyo maana ukipekua mafaili ya gemu nyingi za zamani utapata silaha zisizofyatuka, ramani zisizofikika na mazungumzo yaliyorekodiwa bila kusikika popote.

Juni 2005 gemu ilitoka kwa kompyuta, na mafaili ya kompyuta ni rahisi kuyafungua. Siku chache baadaye Mholanzi mmoja, Patrick Wildenborg, akaweka mtandaoni programu ndogo iliyoondoa zile mbao. Aliiita Hot Coffee. Hakuwa amechora wala kuunda mchezo wenyewe. Alibadilisha kitu kidogo tu katika maagizo, na mlango ukafunguka.

Jibu la kwanza la Rockstar lilikuwa kwamba hii ni kazi ya wadukuzi walioichokora gemu yao. Kwa maoni yangu kauli hiyo ndiyo iliyowamaliza, kuliko kile kitanda chenyewe. Wachezaji walichukua kifaa cha chiti cha PlayStation 2, Action Replay, wakakifungua chumba kilekile kwenye diski zilizochapwa 2004. Diski iliyochapwa kiwandani huwezi kuiandika upya. Kama kitu kimo, basi kilitoka nacho kiwandani.

Marekani ikalipuka. Seneta Hillary Clinton akataka serikali ichunguze. Baraza la Wawakilishi likapiga kura 355 kwa 21 kuunga mkono uchunguzi. Nyanya mmoja wa miaka 85 alienda mahakamani New York kwa sababu alimnunulia mjukuu wake wa miaka 14 gemu hiyo, ambayo hata kabla ya haya yote ilikuwa na alama ya miaka 17. Tarehe 20 Julai 2005 bodi ya ESRB ikaiondoa kwenye alama ya 17 na kuipeleka 18. Mwaka mmoja tu, utasema. Lakini maduka makubwa kama Wal-Mart hayakuuza kitu chenye alama ya watu wazima pekee, kwa hivyo diski zikatolewa kwenye rafu. Australia ikafuta kibali chake kabisa, na kuiuza huko kukawa haramu.

Na jameni, ifikirie kidogo. Kuvunja wapita njia kwa gongo la besiboli, kuchoma maaskari na kuiba ndege: miaka 17, sawa. Watu wazima wawili chumbani kwa hiari yao: wito wa bunge.

Swali la kisheria lilikuwa zito kuliko makelele hayo yote. Ukiuza diski, unauza kile mnunuzi anachoweza kukiona, au kila kilichoandikwa juu yake? Mpaka hapo kampuni zilikuwa zikiionyesha ESRB kile kinachochezeka. Baada ya hapo zilitakiwa kutaja pia kilichofungiwa, ikiwa kinaweza kubadilisha alama. Mwaka 2006 Take-Two, kampuni mama ya Rockstar, ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwamba ikirudia kuficha itatozwa faini. Wenye hisa wake walikuja kulipwa zaidi ya dola milioni 20. Wanunuzi wa kawaida nao walifunguliwa mlango wa fidia, hadi dola 35 kila mmoja. Gemu ilikuwa imeuzwa kwa mamilioni, lakini waliojitokeza kudai hawakufika 2,700.

Kwetu hakuna aliyekuja kukusanya diski. Nyingi tulizochezea zilikuwa za kuchomwa, na nakala iliyochomwa kutoka diski ya kwanza ilibeba kila kitu, pamoja na kile chumba. Tulikaa juu ya mabenchi tukimlisha CJ baga mpaka anenepe, tukimkimbiza mlimani kumsaka Bigfoot, na nyumba ya Denise tukiipita kila siku.

Novemba 2021 Rockstar wakatoa San Andreas iliyofanyiwa ukarabati, ndani ya mkusanyiko wa gemu tatu. Kufikia hapo walikuwa wamepata miaka 16 ya kufuta. Haukupita muda toleo la kompyuta likaondolewa sokoni kwa siku kadhaa, na kampuni ikasema inatoa mafaili yaliyoingia kwa bahati mbaya. Waliokuwa wamewahi kulipakua walishayapekua. Wakakuta maelezo ambayo waandishi wa programu walikuwa wakijiandikia wenyewe, na katikati ya hayo, maagizo ya ile kahawa.