Tufani ya 1872 na Hesabu ya Hasara

Tarehe 15 Aprili 1872, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akiwa katika mwaka wa pili wa enzi yake, tufani ilikishukia kisiwa cha Unguja, ambacho mabaharia walikidhania kuwa nje ya njia ya pepo za namna ile, ikazamisha merikebu za Sultani bandarini, ikang'oa minazi, na ikaangusha sehemu kubwa mno ya mikarafuu ambayo baba yake, Seyyid Said, aliihimiza ipandwe. Kisiwa jirani cha Pemba kilinusurika, na tangu hapo kikawa ndicho kitovu cha karafuu.

Tufani hii husimuliwa kwa idadi ya miti na vyombo. Lakini hesabu iliyo aula ni ya watu. Mwenye shamba alipopata hasara alikuwa na ardhi ya kuweka rehani kwa matajiri wa Kihindi, na deni, pamoja na uzito wake, lilimpa muhula wa kungoja miche ikue, nayo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mtumwa hakuwa na rehani ya kuweka, kwani yeye mwenyewe alihesabiwa katika mali ya shamba. Na ni yeye aliyeondoa magogo, akachimba mashimo, akaipalilia miche ambayo matunda yake hayakuwa yake. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Barghash na Waingereza ulifunga soko la watumwa la Unguja na kuharamisha kuwasafirisha baharini, ilhali haja ya mikono mashambani ilikuwa imezidi, watumwa wakawa wakivushwa kwa siri kwenda Pemba.

Amri ya Sultani ya 1897 ilipouondoa utumwa katika sheria, fidia alipewa bwana. Aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe makazi na riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Wengi wakabaki chini ya mikarafuu ile ile, wakiruhusiwa kulima muhogo kwa sharti la kupalilia, bila ya haki ya kupanda mti wa kudumu. Tufani ilitoka kwa Mola. Mgawanyo huu wa hasara ulifanywa na wanadamu.

Swali la nani abebe hasara lipo hata leo: bahari inapanda kwa joto la dunia, na maji ya chumvi yanaingia katika mabonde ya mpunga ya visiwa hivi, ambavyo mchango wake katika kuichafua anga ni haba kabisa. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa kukabili hasara kama hizi. Wenye kuugawa wasianze kwa kuuliza nani ana hati ya shamba. Waulize kwanza nani amekuwa akililima.