Maneno ya kwanza ya mtoto: tuanze na yale yatakayomsaidia

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analia. Mama kampa titi, kakataa. Kambeba mgongoni, bado analia. Baadaye dada yake ndiye anayegundua kwamba muda wote mtoto alikuwa anatazama ndoo ya maji. Alikuwa na kiu, ila neno hakuwa nalo.

Msikilizaji wetu wa Milanzi na Ufipa yote, hali hii unaijua. Ndiyo maana leo tunazungumzia maneno machache ambayo mtoto akiyapata, anaweza kusema shida yake.

Huanza lini?

Watoto hawalingani. Wengi husema neno la kwanza lenye maana wakikaribia miezi 12. Kufikia miezi 18 huwa na maneno kadhaa, na wakifika miaka 2 huunga mawili, kama "mama njoo". Kuelewa hutangulia kusema. Ukimwambia "lete kikombe" akakileta, kazi imeshaanza kichwani mwake.

Maneno gani kwanza?

Wengi wetu hufundisha majina ya wageni na salamu. Ni vizuri, lakini ongeza haya:

- Maji, uji, nyonyo: aseme njaa na kiu.
- Nipe, sitaki, basi: aombe, akatae, aseme ametosheka.
- Uma: aseme huku akigusa panapouma. Neno hili litamsaidia hata kwa daktari.
- Kojo: aseme kabla hajajilowesha.
- Moto: msimu wa baridi tunapoota moto, nyumba nzima itumie neno hili moja kwa jiko, makaa na sufuria ya moto. Lakini neno halimlindi mtoto. Asiachwe peke yake karibu na moto.

Namna ya kumfundisha

Sema neno pale pale kitu kinapotumika. Ukimimina maji, sema "maji". Ukimpa kikombe, "haya, maji". Neno lilelile, kila siku.

Mpe nafasi ya kuchagua. Mwonyeshe vyote viwili: "Unataka uji au maji?" Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Wazazi wengi hujibu wenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo.

Akisema "aji" au "kombe", usimcheke. Mara nyingi mtoto hushika mwisho wa neno na kuacha mwanzo wake. Usimlazimishe kurudia, mrudishie tu neno zima: "Eeh, maji. Haya, kunywa maji." Akinyoosha kidole, mtajie kile anachokionyesha.

Wataalamu huita hili malezi yenye mwitikio: mtoto akitoa ishara, mzazi anaitika. Ni moja ya nguzo tano za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021.

Kama unashinda shambani na mtoto anabaki na bibi au dada yake, waeleze nao. Wao ndio wanaozungumza naye kutwa.

Simu haifanyi kazi hii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya skrini. Na sisi wa redio tuseme ukweli: redio inaongea sana, lakini mtoto akiiita haiitiki.

Kifipa au Kiswahili?

Vyote viwili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Bibi aongee Kifipa chake bila wasiwasi. Ukihesabu maneno ya mtoto, hesabu ya lugha zote mbili.

Usisubiri ukiona haya

- Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki wala hashtuki kwa kelele.
- Ana miezi 12 na hatoi sauti kama "bababa" wala haonyeshi kitu kwa mkono.
- Ana miezi 18 na hana neno hata moja.
- Ana miaka 2 na haungi maneno mawili.
- Alikuwa na maneno, sasa yamepotea. Hili, katika umri wowote, ni la kuwahi.
- Sikio linatoa usaha.

Tunazoea kusema, "Hata baba yake alichelewa." Inawezekana. Lakini huenda mtoto hasikii vizuri, na asiyesikia neno hawezi kulijifunza. Maambukizi ya sikio, surua na homa ya uti wa mgongo vinaweza kuharibu usikivu.

Siku ya kliniki, baada ya kupima uzito, mwambie muuguzi wazi: "Mwanangu hasemi." Zahanati inaweza kumpa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Usikubali akatwe kilimi nyumbani. Hakumfanyi aseme, na anaweza kutokwa damu nyingi au kupata maambukizi.

Jioni ya leo, kabla ya kumpa mtoto kikombe, kitaje. Kisha subiri kidogo umsikilize.