Nilikwenda Misheni Bagamoyo, nikarudi na swali la Kariakoo

Nimekuwa kimya wiki kama tatu hivi, msinilaumu jamani. Zilikuwa testi juu ya testi, na mfuko nao ulikuwa umekauka ile mbaya. Sasa nimepumua kidogo, acha niwape stori ya Jumamosi.

Wengi mnajua nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Mazoezi ya kufundisha yanakaribia, na mimi nimejichagulia mada ya biashara ya utumwa, kidato cha pili. Nikafungua desa langu la siku zote: sababu saba, athari nane, hitimisho, kwisha. Nikajiuliza, hivi kweli nikasimame mbele ya watoto sabini niwasomee orodha? Si watalala! Nikaamua kwenda kuona kwa macho yangu, kwenye makumbusho ya Misheni Katoliki Bagamoyo.

Mimi naishi kwa Bibi, Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo. Asubuhi nikamwamkia, nikamwambia naenda Bagamoyo, Misheni. Akanitazama juu mpaka chini. "Misheni? Umeshabadili dini wewe?" Nikacheka, nikamwambia naenda kusoma historia tu. Akasema haya, funga mtandio vizuri, usiniletee maneno.

Safari yenyewe haina hadithi. Daladala mpaka kituo cha Makumbusho (jina limetokana na Kijiji cha Makumbusho cha hapo jirani, kilichoanzishwa 1967), halafu gari la Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, umefika. Ni kama kilomita sabini tu. Aibu ni kwamba nimezaliwa Dar na sikuwahi kwenda!

Toka stendi nikachukua bodaboda. Unaingia Misheni kwa barabara ndefu yenye miembe mikubwa pande zote mbili, kivuli mwanzo mwisho. Hapo ndipo ukoo wote wa majengo ulipo. Tumezoea kusema "misheni", lakini ukiangalia mpango wake ni nyumba ya watawa kabisa: mapadre na mabruda upande huu, masista upande ule, kengele ya kupanga siku, mashamba, karakana. Kuna mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, nyumba ya mapadre ya ghorofa iliyoanza kujengwa 1873, makaburi, na mbuyu uliopandwa 1868. Kuna pia kanisa "jipya", jipya lenyewe la 1914! Makumbusho yamo katika nyumba ya masista ya mwaka 1876.

Sasa historia kidogo, mnivumilie. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walishika misheni ya Zanzibar mwaka 1863 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo. Walitaka shamba kubwa bara, maana Zanzibar walikuwa wamebanwa na walikuwa na watoto wengi wa kulisha. Watoto hao walitoka wapi? Hapa ndipo penye jambo. Wengi walinunuliwa katika soko la watumwa la Zanzibar. Hela zilichangwa Ulaya, kwenye makanisa, hata watoto wa kule walitoa senti zao. Padre anakwenda sokoni kama mnunuzi mwingine yeyote, analipa, anaondoka na mtoto. Baada ya Sultan Barghash kusaini mkataba wa kufunga soko, Juni 1873, wengine waliletwa na Waingereza baada ya kuwakamata kwenye majahazi.

Aprili 1872 ikaja tufani kubwa iliyopiga Zanzibar na mwambao, ikabomoa sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga. Wakaanza upya. Kwa hiyo mengi unayoyaona leo ni ya baada ya tufani. Na nani alibeba mawe? Nani alilima, akapanda minazi? Ni hao hao watoto na vijana waliokombolewa. Asubuhi sala, halafu darasa kidogo, halafu kazi. Wakikua wanaozeshwa wao kwa wao, wanapewa kibanda na kishamba katika kijiji cha Wakristo ndani ya ardhi ya Misheni, na bado wanafanya kazi za Misheni. Wengine walitoroka. Ndiyo, walitoroka kutoka kwenye uhuru! Nililisoma hilo mwaka jana nikalipita tu. Nikiwa nimesimama pale kivulini ndipo lilipoanza kunisumbua.

Sikilizeni, sisemi mapadre walikuwa wabaya. Ukiwa mtoto wa miaka minane uliyetekwa Nyasa, ukashindwa kufa njiani, ukafika sokoni, basi anayekununua ili akusomeshe na akufunike shuka ni bora mara elfu kuliko anayekununua akupeleke kwenye mikarafuu. Na wao walikufa pia. Nendeni makaburini muone: misalaba ya wamisionari, wengi walikufa vijana kabisa, umri wangu mimi na miaka michache juu. Malaria haikuuliza dini ya mtu. Nilisimama pale nikasikia huruma ya kweli.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni kuhusu masista. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa 1849, mwaka mmoja tu baada ya Wafaransa kufuta utumwa kule, na lilipokea wanawake weupe na weusi pamoja, hata waliokuwa watumwa wenyewe. Maana yake katika lile shirika lililojenga nyumba hii walikuwamo watu waliojua minyororo bila kusimuliwa. Hilo halimo kwenye desa langu kabisa.

Ndani ya makumbusho kuna minyororo ya kweli. Nimeifundishwa tangu shule ya msingi, lakini kuiona ni kitu kingine. Ni midogo kuliko nilivyodhani, na nadhani ndiyo ilinitisha zaidi. Kuna picha za zamani, kuna vitu vya wamisionari, kuna maelezo ya misafara. Nikaanza mchezo mmoja: kutafuta jina la mtoto hata mmoja aliyekombolewa, jina alilopewa na mama yake. Pengine nilipita haraka, lakini sikulipata. Wakibatizwa walipewa majina mapya, ya watakatifu. Jina la kwanza likabaki nyuma pamoja na kijiji.

Kisha nikaenda kwenye mnara. Unaitwa Mnara wa Livingstone, ingawa Livingstone hakuwa Mkatoliki na alifika pale akiwa maiti. Alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake wakauzika moyo wake pale pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Mwili ukalazwa katika kanisa la Misheni, kesho yake safari ya Zanzibar na baadaye London, ukazikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Wabebaji tunawajua wachache. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. James Chuma, Myao, aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Na Halima, mpishi, ambaye vitabu vingi vinamsahau. Walikuwa zaidi ya hamsini walipoanza safari. Lakini mnara una jina la mtu aliyebebwa...

Nikakaa chini ya mwembe nikala mihogo yangu, nikawaza kuhusu jina la mji wenyewe. Shuleni tuliambiwa Bagamoyo ni "bwaga moyo", kilio cha mtumwa anayeiacha nchi yake. Wanahistoria wengi siku hizi wanaona inaingia akilini zaidi kuwa ni neno la wapagazi: tumefika, tua mzigo, tuliza moyo. Maana bandari kubwa ya kusafirisha watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ulikuwa zaidi mji wa pembe za ndovu na wa wapagazi, hasa Wanyamwezi, maelfu kwa maelfu kila mwaka, wengi wao watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini katika msafara mmoja ungekuta mwenye ujira na mwenye mnyororo wanatembea pamoja, mzigo ule ule kichwani. Ukiwatazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha.

Hapo ndipo Kariakoo iliponijia! Mtaa wetu umepewa jina na wapagazi pia. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 waliweka pale kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa vita, na midomo yetu ikaigeuza Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko risasi. Pale Posta Sanamu ya Askari ya 1927 inawataja katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu. Ana soko.

Nilirudi jioni, Kariakoo imejaa, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele tupishe njia. Nikamkuta Bibi barazani. Shikamoo, marahaba, mbona umechelewa. Nikamsimulia yote, ya minyororo, ya mnara, ya majina. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Sisi ni Wamanyema. Hilo nalijua tangu mdogo, babu zetu walitoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini walikujaje? Jibu la nyumbani siku zote ni moja: "Tulikuja kwa miguu." Safari hii nikauliza mbele zaidi.

"Bibi, babu yako alikuja amebeba nini?"

"Pembe."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe."

Nikanyamaza. Swali lililofuata mnalijua, na mimi nilikuwa nalo mdomoni: na yeye, alikuwa wa nani? Sikuliuliza. Pwani hii swali hilo linaweza kumvunjia mtu heshima hata leo, na yule ni bibi yangu. Akaendelea na mchele wake, halafu mwenyewe tu akanitajia jina la huyo mzee. Sitaliandika hapa, ni la familia. Ila ni jina la Pwani, la aina ile waliyopewa wengi waliofika bila watu wao.

"Na jina la kwao je, Bibi?"

"La kwao alikuwa nalo mwenyewe. Hakumpa mtu."

Basi. Akanituma nikalete maji.

Nimelala na hilo siku nne sasa. Andalio la somo nimelibadili. Sababu saba na athari nane zitakuwepo, mtihani ni mtihani. Ila nitaanza na mtoto mmoja sokoni Zanzibar, mwaka 1868. Nitawaambia wanafunzi: huyu amenunuliwa na mtu mwema, kapewa shuka, kapewa chakula, kapewa jina. Je, yuko huru? Niandikieni nusu ukurasa. Na kazi ya nyumbani: kamuulizeni mzee mmoja ukoo wenu ulifikaje mlipo. Akinyamaza, msimlazimishe, andikeni kwamba alinyamaza.

Walimu wenzangu mlioko huko mashuleni, mnaonaje, kidato cha pili wataliweza hilo au nimewazidishia? Niambieni mapema, maana Jumatatu lazima nimwonyeshe msimamizi wangu. Ngoja nikimbie, nina semina saa nane na mwendokasi wa Gerezani mnaujua wenyewe ulivyo mchana. Alamsiki.