Raia wa Kawaida katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Rugerero

Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kwa kuwafuata wapelelezi wake. Makala haya yanamfuata mtu mwingine: raia anayefikwa na hatari asiyoitafuta.

Mwanzoni raia huyo alikuwa na nafasi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa 1960, kiwiliwili cha Bwana Ali kinakutwa mzimuni bila kichwa. Anayefumbua fumbo hilo ni Bwana Msa, ambaye si askari. Silaha yake ni kudadisi. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, upelelezi unashikwa na polisi, Inspekta Wingo. Elvis Musiba anauvusha mipaka: Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) ni jasusi wa dola, na katika Kikosi cha Kisasi (1979) kazi inampeleka Kinshasa.

Mwendo wa hadithi ukazidi kasi, na raia akazidi kusogezwa pembeni, akibaki maiti, shahidi au mpita njia. Badiliko hili lina sababu ya kihistoria. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Adui alitazamiwa kutoka nje, na dola ndiyo iliyokuwa ngao.

Rugerero, katika Wilaya ya Rubavu, inaidai fani hii zaidi ya hapo. Ni jirani ya mpaka wa Goma, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko muda mrefu kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Januari 2025, vita vya Goma vilipovuka mpaka kwa risasi na makombora, raia waliuawa upande wa Rubavu. Hawakuwa na Willy Gamba.

Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha riwaya hizi mpakani asiishie kuuliza nani muuaji. Amuulize mwanafunzi pia: nani alikuwa akipita tu, na kwa nini mwandishi hakumpa jina? Huenda riwaya ijayo ya Kiswahili ikaanzia kwa mchuuzi huyo mwenye kikapu kichwani, anayevuka asubuhi akitumaini kurudi jioni.