Papa Gregorius XVI na Gari la Moshi

Wengi hucheka wakisikia kwamba Papa Gregorius XVI, aliyetawala toka 1831 mpaka 1846, alikataza njia ya reli katika inchi zake za Italia. Tusicheke upesi. Alipochaguliwa tu, mji wa Bologna uliasi, na askari wa Austria ndio waliouzima uasi ule. Kwa hiyo aliogopa kwamba gari la moshi litaeneza mawazo ya kupindua enzi. Pius IX, aliyemfuata, aliruhusu reli. Mwaka 1856 treni ilifika Frascati kutoka Roma. Hofu ya Gregorius haikuwa ya kijinga, lakini dawa yake haikugusa ugonjwa: waasi wa 1831 waliinuka bila treni.